Gazeti Lisomeke

Figili ya kwanza ilitoka na joto. Chizuru aliichomoa kwenye friji mwenyewe, baridi hadi vidole vikamuuma, akaibana kwenye mashine mpya na kuzungusha mpini; na utepe mweupe uliojikunja bakulini ulikuwa na joto la ngozi ya mtu.

"Ni msuguano," alijiambia.

Mashine yenyewe ilikuwa plastiki ya kijani na wembe mmoja. Unaingiza figili, zinatoka tambi. Aliinunua kwa ajili ya mguu wa mumewe. Daktari alishasema: sukari isiposhuka, mguu wa kushoto wa Kanematsu, ambao tayari ulikuwa umekufa ganzi, utakatwa. Na Kanematsu, aliyeweza kuacha sigara, pombe na hata ndugu zake, hakuweza kuacha tambi.

"Umeninunulia kichongeo cha penseli," alisema, akizichokoa kwa vijiti.

"Kula. Ni tambi."

"Hizi zenyewe zinajua si tambi."

Lakini alikula, akaongeza, na sukari ikaanza kushuka. "Mama angekucheka," alisema huku akifuta mdomo. "Mwanamke wa Seki anamenya kwa mashine!"

Mama yake, marehemu Bibi Fusae, alimenya figili kwa kisu, akiizungusha mkononi hadi yote ikawa shuka moja jembamba lisilokatika. Kisha alilitandaza juu ya gazeti. "Gazeti lisomeke," alikuwa akimwambia mkwewe, "la sivyo wape kuku." Shuka la Chizuru halikuwahi kupitisha hata kichwa cha habari.

Basi mashine ilipofika, alikifunga kile kisu cha mkwewe, akakitoa siku ya taka za chuma. Hapo ndipo alipokosea, na alijua. Seki ni mji wa wahunzi. Kisu kilichochoka hupelekwa hekaluni, kikasomewa, kikaambiwa ahsante. Lakini hekalu lilikuwa mlimani, mvua ilinyesha, na gari la taka lilipita mlangoni. Tena alifuata mwongozo wa manispaa, akaandika "KISU" juu ya kifurushi. Mwongozo ule ulikuwa na ukurasa mzima kuhusu miavuli. Kuhusu shukrani, haukuwa na hata mstari.

Baadaye mpini ukaanza kuzunguka wenyewe kabatini. *Shrr. Shrr.* Harufu ya chuma kibichi na figili ikahamia hadi kwenye matandiko. Kisha asubuhi moja, akitengeneza chakula, Chizuru aliachia mpini nao haukusimama. Wembe ulimvuta kidole gumba, ukamenya ngozi yake taratibu, kwa ustadi, bila kuikata, na alipojinasua utepe mwekundu ulining'inia kwenye meno ya mashine. Aliitupa uani, akakimbilia zahanati. Aliporudi, uani hapakuwa na kitu.

Alipiga simu manispaa, akanong'ona, "Naomba kisu changu."

"Chuma cha wiki jana kimeshayeyushwa, mama," kijana wa zamu alisema kwa upole. "Ila una haki ya kulalamika."

Kanematsu alikuwa sebuleni, ameketi kwenye meza fupi ya kipasha-joto, mfarishi umemfunika hadi kiunoni, akitazama mieleka.

"Baba Kaori," Chizuru aliita kwa sauti ya chini. "Hiyo sauti ni ya nini?"

"Sauti gani? Kipasha-joto. Nyamaza, wanashikana."

*Shrr. Shrr.* Harufu ya figili ilikuwa nzito kama moshi, na Chizuru alitazama chini akaona kutoka pindoni mwa mfarishi kitu kikitambaa, chembamba, cha rangi ya waridi, kimelowa, kikijikunjua bila kukatika juu ya mkeka, kikapita kando ya sahani ya machungwa, kikalala juu ya gazeti la asubuhi, na kupitia kitu kile akasoma, herufi kwa herufi, matokeo ya mieleka ya jana.

Akaufunua mfarishi. Mashine ilikuwa imeumeza mguu wa kushoto hadi kwenye kifundo, mpini unazunguka, mfupa unang'aa mweupe kuliko figili. Na Kanematsu, ambaye hakuhisi lolote, alitazama chini, akatoa yowe lililozima sauti ya televisheni.

Chizuru aliivuta, ikamkata viganja. Aliipiga kwa birika la chuma, ikazidi kasi. Mwishowe alianguka kifudifudi kwenye damu. "Mama! Nisamehe! Kisu chako kimetulisha miaka yote na sikukiambia ahsante! Ahsante! Ahsante kwa kazi!"

Mpini ukasimama.

Mguu haukuokoka. Daktari wa upasuaji aliuliza ni fundi gani aliyemenya namna ile, unene mmoja kote.

Kuhani Gyokai wa lile hekalu la mlimani aliisomea mashine hadi plastiki ikapasuka, jini la kisu likapiga kelele kama chuma kwenye jiwe la kunolea. Kisha akakunja uso. "Limetoka, lakini hii ilikuwa nyumba ya kupanga tu. Mwili wake uko wapi?"

"Waliuyeyusha, mheshimiwa."

"Wakaugeuza kuwa nini?"

Kanematsu aliporudi kutoka hospitali, manispaa ilimpa kiti cha magurudumu bure, na barua ya kujivunia: kimetengenezwa kwa chuma cha taka za wakazi wenyewe. Alikipenda. Alikaa dirishani, ameuweka mguu wa kulia, ule mzima, kwenye kikanyagio.

"Mama Kaori," aliita jioni ile, akinusanusa. "Unamenya figili?"

Chizuru alisimama mlangoni, mikono mitupu. Breki zilikuwa zimefungwa.

*Shrr,* lilisema gurudumu.