Kiungo Kilichokufa kwa Kiu

Ulikuwa mwaka wa 1994, mwishoni mwa masika. Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa hivyo kwa wingi wa maneno, kila asubuhi alimsaidia baba yake kupakia trei za mayai kwenye pikapu yao kuukuu, kabla ya kwenda shuleni. Jumamosi alikuwa na kazi nyingine: kuingia chini ya gari na kutia grisi kwenye viungo vya magurudumu ya mbele.

Siku hizo pikapu ilikuwa mgonjwa. Ikishika kasi, usukani hutetemeka kama mtu mwenye homa. Ikipita shimoni, hugonga mbele, ko, ko, na mayai huvunjika. Baba alibadilisha matairi, kisha shokapu za kupunguza mtikisiko. Wapi! Ndipo alipokikumbuka kiungo ambacho Fundi Taratibu alikifunga mwaka uliopita.

"Grisi unatia?" alimwuliza binti yake.

"Kila Jumamosi, baba."

Baba akaenda gereji, akamwita fundi mwizi anayefunga vipuri bandia, mbele ya wateja wake. Wateja wakasikia, wakahama mmoja mmoja.

"Lilete gari tulipime sote," fundi alimwambia baba baada ya wiki mbili. "Kosa likiwa langu, nafunga gereji."

Baba na Chiriku walipofika, hapakuwa na gari jingine uani. Fundi aliinua gurudumu kwa jeki.

"Shika juu na chini, mwanangu. Sukuma, vuta."

Gurudumu likacheza mikononi mwa Chiriku kama jino bovu. Fundi akaingia chini, akakifungua kiungo. Kilikuwa kikavu, kimelika, kina kutu.

"Alama ya kiwanda hii hapa, mzee mwenzangu. Si bandia. Kimekufa kwa kiu."

"Binti yangu hukitia grisi."

Fundi alikitazama kitundu cha kutilia grisi, kilichozibwa na tope gumu la siku nyingi, kisha akamtazama Chiriku.

"Sikutia," alisema Chiriku. "Tangu mwaka jana. Niliona kinyaa kuchafuka."

Baba aliketi juu ya tairi kuukuu. "Umenifanya nimwite mtu mzima mwizi."

Kiungo kipya kilifungwa. Njiani usukani ulitulia, na ile ko, ko ikakoma. Waliporudi kumshukuru, fundi alikuwa akiufagia ua usio na gari.

"Gari limepona," alisema. "Mimi sijui kama nitapona. Ukiacha kazi, mwanangu, sema umeiacha. Fundi hatibu ugonjwa aliofichwa, na uwongo hauishii kwa aliyeusema. Humvunjia mwingine riziki."

"Fundi, niwie radhi," baba alisema.

"Mimi nimekuwia radhi. Waliosikia je?"

Jumamosi, Chiriku alitia grisi, akanawa, akaanza kubisha hodi kwa wale wateja, baba akimfuata nyuma. Wa kwanza alikwisha kupata fundi mwingine. Wa pili alicheka. Wa tatu, mwenye teksi, alitikisa kichwa.

"Neno baya hupanda gari, binti. La kulisahihisha huenda kwa miguu."

"Nitakwenda kwa miguu, mjomba," alisema Chiriku.

Akabisha mlango wa nne. Ulipofunguliwa, alisimama wima.

"Shikamoo, mama. Fundi Taratibu si mwizi. Mwongo nilikuwa mimi."