Mkutano wa Wazee Bila Wazee

Ndugu zangu wa Kakuma na Lodwar, hebu nipeni sikio kidogo, maana yaliyompata Nakeno yanaweza kunipata mimi, na wewe pia.

Asubuhi ile nyumbani kulikuwa shwari. Mama Akaale, mama mkwe wake Nakeno, alikuwa ameketi kivulini akinywa chai ya maziwa, mjukuu amemlalia mapajani. Mara simu ikalia. Mkutano kwa chifu! Kituo cha afya na mapumziko ya wazee kinapangwa, wenyeji waje watoe maoni.

"Mama, wewe baki na mtoto," Nakeno akasema. "Nitakusemea."

Mkutanoni walijaa vijana na akina mama. Wazee wenyewe walikuwa wameachwa nyumbani walinde watoto na mbuzi! Jordan, afisa aliyetoka Lodwar na daftari lake, akauliza wazee wanataka nini. Nakeno, aliyemaliza masomo ya jioni mwaka jana, akasimama.

"Wazee wetu ni wapweke. Wawekewe ukumbi mmoja na meza moja ndefu, wale pamoja wakitazamana."

Alipigiwa makofi. Akarudi nyumbani amejaa furaha.

Kabla ya kujenga, Jordan alikodi ukumbi ili mpango huo ujaribiwe. Siku ya kwanza Mama Akaale alipelekwa, akaketi, akainamisha kichwa. Hakugusa chakula. Siku ya pili vivyo hivyo. Monique, mpishi Mkongomani, akamjia na mwiko mkononi.

"Maman, chakula yangu iko mubaya? Ama unangojeaka bwana akulishe?"

Watu wakacheka. Akaale akajifunika shuka usoni.

Nakeno hakujua ashike lipi. Mama amekasirika? Amerogwa? Au ndiyo akili zimeanza kumruka? Na upande wa pili wa meza, Ekiru, mzee aliyemwoa binti wa Akaale, naye alirudisha sahani imejaa. Uvumi ukaanza kwamba chakula kimetiwa kitu.

"Shosho amechanganyikiwa, na yule mzee pia," Jordan akamwambia Nakeno huku akiandika. "Wiki ijayo nawapeleka Lodwar wapimwe akili."

Nakeno akakubali. Jamani, alikubali, kwa kuwa hata yeye hakuelewa kitu!

Siku ya nne Akaale, ambaye humeza dawa za sukari kila asubuhi, alianguka mlangoni mwa ukumbi, anatetemeka, jasho linamtiririka. Wakamkimbiza zahanati. Sukari ilikuwa imeshuka mno kwa kumeza dawa bila kula, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Alipopata nafuu aliletewa uji. Akaumaliza wote, akaomba mwingine.

Nakeno akamtazama. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Mama, mbona kule hukula?"

Akaale akamshangaa. "Nile vipi? Ekiru si mkwe wangu? Nifungue mdomo mbele yake, ananitazama? Mlituvua nguo pale, mwanangu."

Mila hiyo Nakeno aliijua! Mume wake mwenyewe hajawahi kutia tonge mdomoni mbele ya mama yake Nakeno. Lakini hawa aliwaona kama wazee tu, akasahau kwamba nao ni wakwe. Kumbe Ekiru naye alikuwa anashinda njaa kwa heshima hiyohiyo.

"Ungeniambia, Mama."

"Ulisema utanisemea. Nikadhani ndivyo mlivyotaka."

Jordan alipoelezwa hayo akafuta alichoandika, akaitisha mkutano mwingine, na safari hii wakaja wazee wenyewe. Nakeno alikuwa mkalimani tu. Ekiru akaomba banda la wanaume lenye mlango wake. Ilipofika zamu ya Akaale, alifikiri, akasema maneno machache. Miaka sita Nakeno anaishi naye nyumba moja, na hilo hakulijua.

"Anasema hawezi tena kuinama akafikia miguu yake," akatafsiri kwa sauti ndogo. "Anaomba mtu wa kumkata kucha."

MAFUNZO

Nakeno hakuwa mtu mbaya. Alipenda bila kuuliza, na nusura mapenzi hayo yamuue mama. Tukiitwa kutoa maoni juu ya wazee, tubaki sisi na watoto, wazee waende. Asiyeweza kutembea, mkutano umfuate kwake. Na leo hii, ndugu yangu, keti karibu na mzee wako, umuulize anataka nini, kisha unyamaze, hata akikawia kujibu.