Chui wa Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku aliokota pini na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukupata likizo. Siku hiyo aliongea zaidi ya kawaida, maana darasa lao lilikuwa linakwenda msituni kuangalia mimea na wanyama.

"Nitaona tumbili, nitaona hondohondo, labda hata nguruwe mwitu," alisema.

"Kwanza ona hiyo pini iliyo karibu na mguu wako," mama akamjibu bila kuinua macho.

Mambo yalianza kumwendea kombo pale pale kwenye lango la msitu. Mwalimu wa sayansi aliwagawa wawili wawili, na Chiriku akapangwa na Miwani, msichana mpole aliyetembea kana kwamba anakanyaga mayai. Kila jozi ilitakiwa kuchagua kitu kimoja ilichokiona na kuwaeleza wenzao darasani kesho yake.

Askari wa msitu, mwanamke mrefu mwenye mabuti na redio ya upepo kiunoni, aliwaongoza. "Msiiache njia," alisema. "Na mkumbuke hapa wanapita watu pia. Wanaotoka mashambani kwenda zahanati hukatisha humu. Mkiona kitu cha hatari, niambieni mara moja."

Hawajafika mbali, Miwani akasimama kutazama gome la mti.

"Ona kuvu hizi, zimepangana kama vigae," alisema.

"Tukisimama kwa kila gome tutazeekea humu," Chiriku akasema, akamvuta mkono.

Mbele yao wenzao walisikika wakinong'ona kuhusu tumbili aliyebeba mtoto. Chiriku alikimbia, lakini alipofika alikuta tawi linatikisika tu. Baadaye kidogo jozi nyingine ikaona hondohondo. Chiriku akakimbia tena, akaambulia kusikia mabawa yakipotea juu ya miti. Kila alikofika aliambiwa maneno yale yale: ameondoka sasa hivi. Mwiba ulikamata sweta lake ukavuta uzi. Kiatu kilimchubua kisigino. Jasho lilimwingia machoni.

"Wanyama wamesikia mdomo wako tangu langoni," mvulana mmoja akamwambia, na wengine wakacheka.

Maneno hayo yalimkera kuliko mwiba na kiatu. Alimwacha Miwani nyuma, akatangulia kwenye kona ya njia akiwa amefura kwa hasira. Huko nako hakukuwa na kitu, ila majani na kimya. Wenzake walipotokea, neno likamtoka kabla hajalifikiria.

"Nimeona chui."

Alitarajia wamzunguke na kumuuliza maswali. Badala yake askari aliinua mkono, na watoto wote wakaganda.

"Wapi?"

"Pale, nyuma ya ule mti ulioanguka."

"Alikuwa mkubwa? Alikwenda upande gani?"

"Mkubwa. Alikwenda kule chini," Chiriku akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa jinsi ilivyotulia.

Askari hakucheka wala hakumsifu. Alizungumza kwenye redio, akawataka wenzake waliokuwa kwenye kitalu cha miche wafunge njia upande wa pili. Mwalimu aliwakusanya wanafunzi, wakarudi haraka hadi langoni, wakakalishwa kwenye mabenchi juani. Matembezi yalikuwa yamekwisha hata mto uliokuwa katikati ya msitu hawajauona. Waliokuwa hawajaona kitu walinuna.

Miwani aliketi kando ya Chiriku. "Mimi sikumwona," alisema taratibu.

"Ulikuwa nyuma."

"Nilikuwa nyuma, ndiyo. Lakini wewe ulimwona?"

Chiriku alijifanya anafunga kamba za kiatu.

Ndipo redio ikakoroma. Sauti ya mwanamume ilisema kuna mama amefika upande wa pili, amebeba mtoto mwenye homa kali, anataka kupita kwenda zahanati. Askari huyo alikuwa amemwambia azunguke kwa barabara kuu.

"Barabara ni mbali sana kwa mgonjwa," mwalimu alisema.

"Najua," askari akajibu. "Lakini siwezi kumpitisha mahali penye chui."

Chiriku aliitazama ile redio. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Hakuna chui," alisema. "Nilisema uongo. Naomba mmwite huyo mama, apite."

Wenzake wote waligeuka kumtazama. Askari alimtazama usoni, kisha akainua redio. "Mrudishe huyo mama, njia ni salama. Msindikize mpaka zahanati." Aliposhusha redio alimwambia Chiriku, "Mimi siwezi kuwa kila mahali. Mtu akiniambia ameona kitu, ninatumia macho yake. Leo macho yako yamenipoteza."

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema, machozi yakimtoka.

Baada ya muda taarifa ikaja kwamba mtoto amefikishwa zahanati na anahudumiwa. Muda uliobaki ulitosha kurudi msituni kidogo. Mwalimu alimwamuru Chiriku atembee nyuma kabisa, kando yake, bila kusema neno. Chiriku alikuwa na hasira bado, lakini safari hii alijikasirikia mwenyewe. Walipopumzika aliinamisha kichwa na kutazama mchanga, kwa sababu hakutaka kutazamana na mtu.

Pale mchangani nyigu mwembamba alikuwa anafukia shimo dogo. Alisukuma mchanga kwa miguu, akaondoka, akarudi na kijiwe mdomoni, akaanza kuugongagonga mchanga kwa kijiwe hicho kama fundi anayeshindilia sakafu. Chiriku alisahau kisigino kinachouma. Alimvuta Miwani sweta, akamwonyesha kwa kidole bila kutoa sauti. Walimtazama mpaka akaruka.

Kesho yake darasani Chiriku alisimama na Miwani kueleza habari za nyigu. Wanafunzi walitazamana. Mvulana yule wa jana akanyoosha mkono.

"Ndani ya shimo mlikuwa na nini?"

Jibu zuri lilimjia Chiriku mdomoni, tayari kabisa. Alilimeza.

"Sijui. Nilipomwona alikuwa ameshaanza kufukia. Kijiwe nilikiona. Cha ndani sikukiona."

"Na mimi nilikiona kijiwe," Miwani akasema.

Mwalimu alisogea mbele ya darasa. "Nyigu wa aina hiyo huweka kiwavi ndani ya shimo na kutaga yai juu yake. Hilo tutalisoma," alisema. "Lakini kabla ya hilo shikeni jambo moja. Watu huamua la kufanya kwa kutegemea maneno yetu. Ukisema umeona usichokiona, mwingine ndiye anayeumia, hata mtoto mgonjwa usiyemjua. Asiyeona si mjinga. Aseme tu kwamba hakuona, kisha aendelee kutazama."

Chiriku akarudi kwenye dawati lake. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, aliketi bila kuongeza neno.