Nyota Iliyokatwa Kwenye Kifua cha Olga

Karte ya kwanza ilikataa kukauka. Ndivyo ilivyoanza, na kama kuna mtu alikwambia ilianza kwa paka kulia juu ya bati, huyo hakuwepo, anakuongopea. Ilianza na nyota moja ya njano kwenye karte ya Noeli, saa tisa mchana, hapa kwetu Kimanga, jua likichoma mpaka mabati yanalia. Félicité alikuwa ameipiga nyota ile asubuhi. Mchana akaigusa, kidole kikalowa, na si kwa rangi. Yalikuwa maji ya uvuguvugu, kama kioo ukikipulizia mdomo.

Félicité ni fundi wa karte, kadi za salamu, Uvira nzima wanamjua. Noeli, Bonané ya mwaka mpya, komunyo ya kwanza, harusi, zote anazitengeneza kwa mkono. Anakata umbo kwenye plastiki ngumu, ndicho kiolezo, anakilaza juu ya karatasi, halafu anagongagonga rangi kwa kipande cha godoro. Akiinua kiolezo, ua linabaki. Plastiki ya kawaida hujikunja rangi ikizidi, kwa hiyo anatumia radio, zile picha nyeusi wanazokupiga kifua hospitalini. Watu wakishapona wanamletea za kwao. Lakini haikati radio hivi hivi. Kwanza anailoweka kwenye javel, dawa ya kung'arisha nguo, na kuisugua mpaka mbavu za mtu zimetoka zote, plastiki imebaki safi. Mafundi wote wa kazi hiyo hapa wanajua: hupitishi wembe kwenye kifua cha mtu.

Radio ya Olga hakuiosha.

Olga alikuwa kifungua mimba wake. Alikufa kwa kifua akiwa na miaka kumi na sita, mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Simu iliyokuwa na picha zake iliibwa siku ya mazishi, na huyo mwizi Mungu amlipe sawasawa. Kwa hiyo picha pekee iliyobaki ya mtoto yule ilikuwa mbavu zake. Félicité aliificha chini ya godoro, na alikuwa anaitoa mchana akiwa peke yake, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaitazama.

Sasa, kwetu kilio kinafungwa. Miezi inapita, mnaita watu, misa inasomwa, nguo za marehemu zinagawanywa, mnaganduka, yaani mnaondoa matanga, na marehemu anaenda zake kwa amani. Félicité alikataa katakata. Mume wake Bonaventure alikuwa mbali, Kalemie, kwenye kazi za boti, na aliogopa kumlazimisha. Wifi yake Akimana alituma habari mara nne kutoka Nyakabere, na mara nne akajibiwa: bado. Tangu kaburini Félicité hakulitamka tena jina la mtoto. Lakini ukimwita Mama Délice, jina la binti yake mdogo aliyebaki, alikuwa hageuki. Mpaka useme Mama Olga.

Basi mwezi wa kumi na moja parokia ikamwagiza karte nyingi za Noeli, na radio zilizooshwa zikamwishia. Akainua godoro. Alijiambia, mwanangu atafanya kazi pamoja na mimi, alipenda nyota. Akakata nyota moja upande wa kulia, katikati ya mbavu.

Siku ya pili ya ile nyota, chumba kikaanza kunuka pomade ya mentoli, ile ya kusugua kifua. Siku ya tatu, saa tisa ile ile, mtu akakohoa chini ya meza. Kikohozi kidogo, cha mtoto anayejizuia asimwamshe mama yake.

Félicité hakukimbia. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na wewe usimcheke, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alishusha mkono chini ya meza na kuuacha hapo, akangoja, na kitu cha baridi kikamshika kidole kimoja. Kesho yake akakata kengele upande wa kushoto, ili kikohozi kije karibu zaidi.

Na kweli kikaja. Lakini Délice, mwenye miaka tisa, mtoto wa kukimbia mpaka ziwani na kurudi bila kuhema, akaanza kukaa chini njiani. Midomo ikawa ya kijivu. Usingizini kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

"Mama," alisema siku moja, "minye niko nasikia pumzi inatoka kwa tundu."

"Tundu gani?"

Délice akagusa kifua, kulia, halafu kushoto.

Félicité alimpeleka hospitalini asubuhi hiyo hiyo. Lakini kabla ya kutoka, na hili mpaka leo linamkereketa, alikuwa amekata mshumaa, chini kabisa, karibu na tumbo. Agizo la parokia lilikuwa na haraka.

Mpiga radio alikuwa Achille, kijana wa utani mwingi. Aliinua picha mbichi kwenye taa akacheka.

"Eh! Ni nani alibandika mapambo ya Noeli kwa mashine yangu?"

Akaifuta mashine kwa kitambaa, akampiga Délice picha tena. Safari hii hakucheka. Aliita, kwa sauti ya chini sana, "Mama, kuja uone."

Kwenye kifua cha Délice, ndani ya mbavu, kulikuwa na nyota upande wa kulia, na kengele upande wa kushoto, na mshumaa chini, vyote vyeusi ti, kingo zake kali kama zimepita wembe, na Félicité aliyekuwa amesimama pale ameshika viatu vya mtoto aliijua ile pembe ya nyota iliyopinda kidogo, kwa sababu ni yeye mkono ulimteleza siku ile, na akajua pia kwamba mshumaa ule haukuwa na saa mbili tangu aukate.

"Iko nini hii?" Achille alinong'ona. "Mutoto alimeza nini?"

Félicité alimbeba mtoto mgongoni akatoka bila kujibu. Njiani alimpigia Akimana.

Akimana alifika kesho yake kwa pikipiki, mchanga wa barabara ya Nyakabere umemjaa nyusi. Mama yule ana rozari mfuko huu na majani yake mfuko ule, na bondeni kote wanamwita nyumba ikiwa na mgeni asiyeonekana. Aliivuta hewa mara moja tu mlangoni.

"Mentoli," alisema. "Iko wapi radio?"

Félicité aliikumbatia. "Wifi, ndiyo picha yake moja tu iko. Sina ingine."

"Najua."

"Na ni yeye. Ananishika kidole. Ni mutoto wangu."

"Si mutoto wako." Akimana alikuwa analia akisema hivyo, lakini alisema. "Olga tulimuzika. Hii ni jini. Ilikuta nyumba kilio hakijafungwa, ikavaa kikohozi cha mutoto, na weye uliipa kifua cha kuingilia. Sasa iko nakula pumzi ya Délice. Chagua, muka ndugu yangu. Wote wawili huwezi."

Kumwomba mama achague hivyo ni ukatili, mimi nasema. Lakini Délice alikuwa amelala kwenye mkeka, anavuta hewa kwa mabega.

Saa tisa mvua ikashuka kutoka mlimani, nyumba ikawa giza mchana kweupe. Akimana aliweka mbabula ya makaa katikati ya chumba, akatupa majani, akafungua mlango wazi. "Itakuita," alisema. "Utasema sikujui. Mara tatu. Halafu unatia radio kwa moto. Usiongeze neno."

Wakangoja. Mvua ilipiga bati hata wakawa hawasikiani, na katikati ya kelele yote ile kikohozi kikaja wazi, kwanza chini ya meza, halafu nyuma ya pazia, halafu pale mlangoni, na harufu ya mentoli ikajaa mpaka macho yakachoma, na sakafu ya simenti ikawa na alama za miguu miwili ya maji iliyosimama, vidole vikimwelekea Félicité.

"Mama."

"Sikujui," Félicité alisema.

"Mama, ni minye."

"Sikujui."

Halafu ile sauti, sauti ya mtoto anayepigwa bila kujua sababu, ikauliza, "Mama, nilikosa nini?"

Félicité alijiuma mkono mpaka damu ikatoka, akasema mara ya tatu kupitia ule mkono, akaiachia radio. Ilijikunja kwenye makaa, mbavu moja moja, ikatoa moshi mweusi. Nyayo zilirudi nyuma mpaka kizingitini, zikatoka, mvua ikazifuta.

Délice alipona. Baada ya wiki Achille alimpiga radio nyingine, kifua safi, na akaomba wasimweleze chochote. Jumamosi iliyofuata kilio kikafungwa. Bonaventure alikuja kutoka Kalemie, misa ikasomwa, nguo zikagawanywa, na sisi majirani tukaanza kusema Mama Délice, naye akaitika.

Siku hiyo hiyo, watu walipokwisha kuondoka, Délice alikuwa anakula bugali na ndagala, anakula kama analipa deni, mama yake anamtazama na kutabasamu kidogo.

"Mama, shangazi alifukuza dada?"

"Haikuwa dada. Ilikuwa jini. Ilikuwa nakuibia pumzi."

Délice akatikisa kichwa, mdomo umejaa. "Hapana. Pumzi ilikuwa inatoka kila mara ukikata. Dada alikuwa anakuja kunipatia yake. Ananiwekea mudomo hapa, anapuliza. Alisema nisikuambie, utalia."

Akimana, aliyekuwa anafunga mzigo wake, alisema haraka kwamba majini hudanganya watoto, ndiyo kazi yao. Alisema mara mbili. Hakumtazama Félicité usoni.

Félicité aliinuka, akaenda mlangoni, akaufungua wote. "Olga," aliita, mara ya kwanza tangu kaburini. Aliita tena, kwa nguvu, kama unavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi, "Olga! Olga, rudia nyumbani!" mpaka tukatoka wote majirani tukasimama barabarani. Hakuna aliyeitika.