Kidimbwi cha Chini ya Mwamba

Maji ya chai yalichemka vizuri, lakini Sabiha alipoyamimina kikombeni yalivutika kama ute wa bamia. Akayamwaga kwenye nyasi. Yalinuka kama bucha lililofungwa siku kadhaa na nyama ndani.

"Umeyachota wapi haya?" alimuuliza mumewe.

"Kidimbwini," Anuari alisema, bila kumtazama.

Walikuwa wamepiga hema kando ya kijito, kwenye msitu wa hifadhi ulio milimani juu ya Mlali. Sabiha alikuwa karani katika ofisi moja Mtumba. Anuari aliuza vifaa vya umeme mjini Dodoma. Tangu waoane hawakuwahi kupumzika pamoja. Mlinzi wa kambi, mzee Gideoni, aliwapokea kwa furaha, akawaomba jambo moja tu: kidimbwi cha chini ya mwamba kiwe cha kuchota maji ya kunywa, uchafu wote uoshewe kule chini, mbali na hapo. Anuari aliitikia. Kisha, kwa uvivu, akaenda kuoshea kidimbwini utumbo wa mbuzi walionunua Mlali, akaukamua kinyesi mle mle, na mabaki akayasukuma chini ya mwamba kwa mguu.

Sabiha alianza kuyashuku hayo jua lilipozama. Alimkuta mumewe amechuchumaa ukingoni, amempa mgongo, anatafuna. Aliposogea akaona ameshika utumbo mbichi kwa mikono miwili, anaunyonya kama embe, na maji ya kijani yanamtiririka kidevuni.

"Anuari, unafanya nini?"

"Mmeniletea wenyewe," alijibu. Sauti ilitoka tumboni, na midomo haikuachia kile ilichoshika.

Sabiha alitapika pale pale. Mumewe akageuka, akaja kwa magoti, akaanza kuyakusanya matapishi kwa viganja na kuyapeleka kinywani, polepole, kama anayeogopa kupoteza hata tone.

Sabiha alikimbilia kibandani kwa Gideoni. Mzee alisikiliza, akavua kofia.

"Ameoshea wapi nyama?"

"Sijui. Nadhani pale ulipotukataza."

"Basi amemmwagia mwenye kidimbwi uchafu mlangoni," Gideoni alisema kwa sauti ya chini. Akawasha pikipiki, akashuka Mlali kumfuata Bi Mwantum, mama mtu mzima aliyewasomea dua watu wenye majini.

Walipofika, Anuari alikuwa amelala chali ndani ya hema, tumbo limevimba.

"Shikamoo, bibi," Sabiha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa karibu yangu." Bi Mwantum aliinama juu ya mgonjwa. "Wewe uliyemo, wataka nini?"

"Nimepata nyumba," tumbo lilisema.

"Nyumba hiyo ina mwenyewe."

Akamgeukia Sabiha. "Nikisoma kitapanda mpaka kooni, kisha kitashikilia. Mimi hakinitii. Kitavutwa na mtu aliyekula na mgonjwa sahani moja."

"Kwa mkono upi, bibi?"

"Ule ule unaolia chakula."

Bi Mwantum akasoma, na ngozi ya tumbo ikaanza kutembea, kitu kikipanda chini ya mbavu, kikapita kifuani, shingo ikavimba, na kinywa kikafunguka chenyewe kikitoa mvuke wa kinyesi na damu iliyoganda, na Sabiha, aliyekipenda kinywa kile, akatia mkono wake wa kulia ndani yake, akapita ulimi, akapita mahali ambapo mkono haupaswi kufika, mpaka vidole vikagusa kitu laini, cha moto, chenye vinyweleo, nacho kikamnyonya vidole kama mtoto anayetafuta ziwa, na akavuta, na hakikuisha, kikajikunja mapajani mwake pindi juu ya pindi huku kikipumua.

Gideoni alikibeba kwa koleo akakitupa kidimbwini. Maji yalikipokea kwa sauti ya mtu anayemeza.

"Sabiha," Anuari alinong'ona, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina kiu."

Sabiha akamkumbatia kwa mkono wa kushoto, akalia.

Kulipopambazuka Bi Mwantum alimwingiza Anuari kidimbwini, akamtaka aokote kila kipande alichokisukuma chini ya mwamba na kukifukia mbali. Aliokota huku akitapika. Kijito kikarudi kuwa cheupe, nao wakarudi Dodoma.

Anuari alipona kabisa. Alinenepa, akarudi dukani, akawa mpole kuliko zamani. Sabiha aliusugua mkono kwa ndimu, kwa majivu, mwisho kwa dawa ya choo, mpaka ngozi ikachubuka.

Jioni moja walikaa mkekani, sinia la pilau katikati. Anuari aliona mkewe ameshika kijiko.

"Siku hizi huli kwa mkono?"

"Chakula cha moto," alisema.

Nzi waliingia mlangoni. Wakaipita nyama, wakaupita wali, wakatua wote kwenye mkono wake wa kulia, wakatulia. Sabiha akautia chini ya khanga, akaendelea kula, akiwahisi wanavyotembea.