Dari ya Mzee Ilyau

Ijumaa mchana, kwenye duka la mikate la Rego Park, mtaa wa New York, foleni ilikuwa imefika barabarani. Kila mtu alitaka mkate wa moto kabla Sabato haijaingia. Uliposalia mmoja, mikono miwili iliushika kwa pamoja.

"Nimetangulia mimi," alisema Zoya Haimova, mwanamke wa miaka thelathini na minne, koti jekundu, nywele amezibana kwa kalamu.

"Umetanguliza kucha," alijibu Rubin Niyazov, mrefu, miwani imejaa ukungu wa tanuri. "Kiganja ni changu."

Wakaugawana. Zoya aliondoka na nusu ya mkate na namba ya simu.

Kwa wiki tatu hawakupitisha siku bila kupigiana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo! Tumbo lako nalisikia mpaka huku Queens Boulevard."

Rubin alimweleza kwamba alikuwa ameachana na mkewe, na kwamba binti yake wa miaka tisa hulala kwake kila wiki ya pili. Kazi yake ilikuwa kuthamini nyumba kwa niaba ya mabenki. Zoya alimwambia anaishi na baba yake, mchonga jasi tangu enzi za Bukhara, mji wao wa Asia ya Kati. Kwamba wanauza fleti yao, hakutaja.

Jumatatu moja Rubin alitumwa kuthamini fleti kwenye jengo la ushirika, ambalo wakazi wake hulimiliki kwa pamoja, ghorofa ya tano. Mlango ulifunguliwa na Zoya, gauni la bluu, midomo imepakwa rangi.

"Ulijua ni mimi ninayekuja?"

"Tangu jana. Dalali alinitajia jina."

"Na hukunipigia?"

"Ungekataa kuja."

Nyuma yake kulikuwa na ukumbi mkubwa, na dari yote ilikuwa jasi nyeupe iliyochongwa kwa mkono: makomamanga, nyota, majani yaliyofumana hadi kwenye pembe. Mzee Ilyau, baba yake Zoya, alikuwa amekarabati fleti ile kwa miaka minne. Mkewe alipougua asiweze kuinuka kitandani, alibomoa ukuta wa chumba cha pili ili mgonjwa aone dirisha, kisha akamchongea dari apate cha kutazama hadi alipofariki.

"Lala chali hapo kwenye zulia, kijana," mzee alimwambia. "Ukisimama huioni."

Rubin alilala, kipimo chake kifuani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akamvuta Zoya kando.

"Siwezi kuipima. Sheria inakataza nyumba ya mtu wangu."

"Kumbe mimi ni mtu wako?"

"Unajua."

"Basi nisiwe mtu wako kwa saa moja tu. Tafadhali, Rubin. Moyo wa baba umechoka. Tukiuza vizuri tutapata kijumba cha ghorofa ya chini hapahapa mtaani. Tusipouza vizuri, kaka yangu anatungoja Vienna."

Rubin aliirudisha kazi benki siku ileile.

Akaja mthamini mwingine. Aliandika kwamba ni fleti ya chumba kimoja, ingawa hati zinasema viwili, na kwamba mapambo ya dari ni ladha ya mwenyewe, hayaongezi thamani. Benki ikamkatalia mnunuzi mkopo. Kamati ya ushirika nayo ikasikia habari za ukuta: urudishwe mahali pake, la sivyo hawaidhinishi mauzo yoyote.

Zoya alipiga simu akilia. "Ungeipima wewe, haya yasingetokea!"

Rubin angeweza kunyamaza. "Hata mimi ningeandika vilevile," alisema. "Nilihesabu vyumba nikiwa pale kwenye zulia."

"Ulilala chini ya dari ya mama yangu ukihesabu vyumba?"

Simu ikakatwa. Siku kumi na moja Zoya hakupokea. Rubin alipika wali, akaukuta asubuhi ungali sufuriani.

Siku ya kumi na mbili ikaita.

"Njoo unishikie ngazi. Baba hataki fundi aiguse dari yake."

Aliwakuta weupe kwa vumbi kama waoka mikate. Mzee alikuwa juu na msumeno, akiikata dari polepole pale ukuta utakapopita. Mstari wake wa penseli ulipasua komamanga katikati.

"Nilikulaumu bure," Zoya alinong'ona, mkono wake juu ya wa Rubin kwenye ngazi.

"Na mimi ningeweza kukuambia siku ileile."

"Hukuweza. Uliogopa."

"Baki, Zoya. Nikuoe."

"Na baba nimpe nani? Vienna hajui njia hata ya dukani. Njoo wewe."

"Na binti yangu?"

Juu yao msumeno uliendelea.

Ukuta ulisimama. Fleti ikauzwa kwa bei iliyopatikana, na bei hiyo haikutosha kununua chochote mtaani.

Rubin ndiye aliyewapeleka uwanja wa ndege. Zoya alikaa mbele, amevaa kilemba cha kijani, kiganja chake juu ya goti la Rubin. Mzee Ilyau alisinzia nyuma, kofia usoni. Walipofika kwenye kituo cha ndege yao, Rubin hakupunguza mwendo. Barabara ya pale huzunguka vituo vyote na kukurudisha ulikotoka.

"Umepita," alisema Zoya.

"Najua."

Wakazunguka. Kituo kikaja tena, kikapita tena. Zoya alikuwa akilia bila sauti.

"Mara moja zaidi, wanangu," alisema mzee, kofia ingali usoni. "Kisha mtuteremshe."