Sindano Aliyoitia Baba

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, binti alifunua cherehani ya marehemu baba yake. Ilikuwa cherehani nzito ya kushonea ngozi. Zamani mlio wake ulisikika mpaka barabarani, na majirani walijua kwamba baba yuko kazini. Sasa nyumba ilikuwa kimya.

Juu ya meza palikuwa na mkoba wa ngozi. Baba alikuwa akimshonea binti yake. Alimaliza upande mmoja, akaanza wa pili, kisha maradhi yakamlaza, na hakuamka tena. Binti alitaka jambo moja tu: kuumaliza mkoba ule kwa cherehani ileile, auvae begani.

Lakini cherehani iligoma. Mshono uliruka. Uzi ulichanika, kisha ukakatika.

"Mwanangu," mama alisema kutoka jikoni, "cherehani isiyoshona ni chuma cha kujikwaa tu. Jumamosi mnunuzi anakuja kuichukua."

"Mama, nivumilie kidogo."

"Nimevumilia tangu mvua zianze. Kila nikipita hapo nakiona kiti alichopumzikia baba yako, kitupu."

Binti aliupitisha uzi tunduni tena, ukakatika tena.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa jirani yao, fundi viatu. Watu walimwita Kandambili. Alishona viatu vya mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe alivaa kandambili mwaka mzima. Akiulizwa, alicheka na kusema, "Mfinyanzi hulia gaeni."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia cherehani inakohoa. Sindano uliibadilisha lini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Sijaibadilisha. Hii aliitia baba kwa mkono wake."

Kandambili alivuta kigoda, akakaa.

"Hata mimi nimemkosa," alisema. "Siku hizi hakuna wa kunitania. Lakini nikwambie ukweli: baba yako hakuwa mtu wa kung'ang'ania sindano. Ikianza kuchoka tu, anaitoa. Hakungoja ivunjike. Ukitaka kumuenzi, fanya alivyofanya."

Binti alishika bisibisi. Alilegeza skrubu, sindano ikamdondokea kiganjani.

"Ilaze juu ya kioo," Kandambili alisema. "Unaona mwanga chini yake? Imepinda, ndiyo maana mshono unaruka. Haya, lete uzi wako."

"Nilinunua mnene zaidi, ili mkoba usifumuke."

"Nia yako njema. Lakini uzi mnene kwenye tundu dogo husuguliwa mpaka unachanika. Uzi ukiwa mnene, na sindano iwe nene. Tena iwe ya ngozi, yenye ncha inayokata. Ya kitambaa haifai hapa."

Kwenye mkebe wa baba zilibaki sindano mpya. Binti alichagua moja ambayo uzi wake ulipita tunduni bila kukwama. Aliisukuma juu mpaka mwisho, akakaza skrubu. Akainua mguu unaobana ngozi, ndipo akapitisha uzi, ili ukae vizuri kwenye kibana uzi. Akachukua kipande cha ngozi iliyobaki, akakibana chini ya mguu ule, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu.

Mshono ukaruka tena.

"Nilijua!" binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Hainitaki mimi."

"Cherehani haina wivu, mwanangu. Tazama sindano. Upande mmoja una mfereji mrefu. Unaelekea wapi?"

Binti aliinama. "Nyuma."

"Unapaswa kuelekea upande uzi unakoingilia. Geuza. Kisha shika ncha za nyuzi zote mbili, wa juu na wa chini, zungusha gurudumu kwa mkono kwanza. Haraka haraka haina baraka."

Aligeuza sindano, akapitisha uzi upya. Akazungusha gurudumu taratibu. Sindano iliingia ngozini, ikatoka. Mshono mmoja. Wa pili. Hakuna ulioruka. Akakigeuza kile kipande, akatazama chini: nako mshono ulikuwa umekaza.

"Sasa mkoba," Kandambili alisema kwa upole.

Binti aliuweka mkoba chini ya sindano, akakanyaga. Mlio ukaijaza nyumba.

Mama alitoka jikoni mbio, ufagio mkononi. Alisimama mlangoni.

"Nilidhani ni yeye," alisema.

Binti aliacha kukanyaga. Mama alisogea, akaushika mkoba.

"Aliishia wapi?"

"Hapa, mama. Mshono wangu unaanzia hapa. Umepinda kidogo."

Mama aliweka kidole pale mishono ilipokutana. Kisha akamgeukia Kandambili.

"Shemeji, ukimwona yule mnunuzi, mwambie asijisumbue."

Binti aliifunga sindano ya zamani kwenye kipande cha ngozi, akaiweka ndani ya mkebe. Mama alivuta kile kiti kitupu, akakikalia.

"Shona, mwanangu," alisema. "Mimi nasikiliza."